Mwaka Nilioshika Ufunguo wa Frigo

Siku ya pili ya matanga ya Mama Mudogo, mwanamke mmoja mnene mwenye miwani aliingia uani kwetu, mtaa wa Mapendo, Goma, akapita katikati ya viti vya plastiki bila kusalimia mtu, akaja kusimama mbele yangu. Nilikuwa nimekaa na wanawake wengine, nimechoka kulia, nikidhani ni mmoja wa waliosali na marehemu parokiani. Akaniangalia kwa muda. "Kanyere, ni weye?" aliniuliza. "Ni miye, Beata." Miaka karibu thelathini ilikuwa imepita. Beata niliyemfahamu mimi alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mikono yake myembamba hata ungeogopa kuishika; huyu alikuwa mama wa watoto wawili, amevuka mpaka asubuhi hiyohiyo baada ya kupata habari ya msiba. Tulikumbatiana, tukalia. Kisha, badala ya kuuliza marehemu aliugua nini, alifuta miwani yake kwa ncha ya kitenge akasema: "Na ile frigo, iliishiaka wapi?" Nikamwambia kwamba katika vita vilivyofuata askari wanne walilibeba, wakachoka kabla ya kufika barabara kubwa, wakaliacha limelala chali mbele ya kanisa. Tulicheka hadi wazee wakageuka kututazama. Baadaye wajukuu wa marehemu waliniuliza ni frigo gani hiyo inayochekesha watu msibani, nikashindwa kuwaeleza kwa maneno machache. Kwa hiyo naandika.

Sitasema nilifikaje kwa Mama Mudogo, yaani mdogo wake mama yangu, wala kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, bado nasoma, na nililala sebuleni kwake, juu ya matela, godoro langu, iliyotandikwa kati ya kabati la vyombo na lile jokofu tuliloliita frigo. Lilikuwa jeupe, refu kunizidi, na Mama Mudogo aliachiwa na bwana mmoja ambaye yeye alimpikia miaka mingi, bwana huyo alipofunga nyumba na kurudi kwao. Mtaani petu halikuwapo jingine. Mgeni akiingia aliliona kabla ya kuona kitu kingine chochote, maana Mama Mudogo alikuwa amelifunika kichwani kitambaa cha kufuma na kuliwekea maua ya plastiki na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Sisi tuliokaa nalo tulijua tabia zake. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka, hivyo mlango haukushika, na ilibidi tuufunge kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Ukigusa mpini ukiwa na miguu mitupu, umeme ulikurusha. Kwa sababu hiyo kulikuwa na sandali moja ya kushoto iliyokaa palepale chini mwaka mzima, na kila aliyetaka kitu alisimama juu yake kwa mguu mmoja kama korongo. Umeme ukija dhaifu, taa ikageuka nyekundu, mota ilianza kuguna, na aliyekuwa karibu alipaswa kuruka kuchomoa waya kabla haijaungua. Umeme ukiondoka, na uliondoka karibu kila siku, barafu iliyeyuka, maji yakatiririka chini ya droo ya mboga, yakatafuta njia yake juu ya saruji na kuikuta matela yangu. Niliijua hali ya umeme wa Goma kwa mgongo wangu kabla sijafungua macho.

Na kila kilichotoka mle ndani kilinuka sambaza. Samaki hao wadogo wa ziwa letu waliletwa na Mama Furaha, jirani wa upande wa juu, kila alipobakiza sokoni, na hata tungewafunga namna gani, maziwa yalinuka sambaza, jibini la Masisi lilinuka sambaza, maji ya kunywa pia. Lakini taabu kubwa ilikuwa kile kitufe cha baridi, chenye namba moja hadi saba. Chini ya tatu, maziwa yaliganda kwa kuchacha. Juu ya nne, nyanya ziligeuka mawe na mayai yakapasuka yenyewe. Nyumba yetu iliishi kati ya tatu na nne, na Mama Mudogo alikuwa amechora mstari kwa rangi ya kucha mahali ambapo kitufe kilipaswa kukaa. "Hapa," aliniambia siku aliyonikabidhi frigo. "Si mbele, si nyuma. Ile frigo iko na kichwa ngumu, lakini iko na haki yake. Ukiiheshimu, itakuheshimu." Kisha akanipa ufunguo wa kufuli dogo alilolitia mlangoni, maana watu walikuwa wameanza kujihudumia.

Sasa nikiwa mtu mzima naweza kukiri kwamba ufunguo ule ulinipanda kichwani. Niliuvaa shingoni kwa kamba, juu ya nguo, si ndani. Wanawake wenye umri wa mama yangu walinibembeleza: Kanyere, mutoto muzuri, uniwekee kipande hiki cha nyama mpaka kesho. Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyeshusha mizigo ya maharage na vitenge na ambaye sauti yake ilisikika toka kona ya barabara, aliniita "Madame Directeur", Bi Mkurugenzi. Mimi, msichana aliyelala sakafuni, niliamua nyama ya nani ingelala ndani na ya nani ingechemshwa jioni hiyohiyo. Niliipenda kazi hiyo kuliko masomo.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Ilikuwa kiangazi, vumbi jeusi la volkano limejaa hewani, na watu walipita mchana kutwa, wamebeba matela, masufuria, mbuzi, wazee, bila kusemezana, unasikia tu miguu. Walijaza viwanja, shule, makanisa, vibaraza vya maduka. Kipindupindu kikaingia baada ya siku chache, na tuliona yale ambayo sitaki kuyaeleza hapa, kwa sababu waliokuwapo wanayajua. Mama Mudogo alichemsha maji tangu asubuhi, mapipa mawili, akayagawa mlangoni kwa kopo. Siku moja, kati ya wale waliopanga foleni, mwanamke mmoja aliyevaa koti la mwanamume hakunyoosha kopo lake. Alisimama na msichana wake akasema kwa Kiswahili cha kutafutatafuta: "Mama, siombi maji. Nasikia uko na frigo."

"Iko," akajibu Mama Mudogo, "lakini ina matata yake."

Mwanamke akatoa kifuani kitambaa kilicholowa maji, ndani yake chupa mbili ndogo kama vidole gumba. Alieleza kwamba alikuwa mwalimu, kwamba binti yake Beata alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu akiwa na miaka saba, na kwamba dawa hiyo adungwe asubuhi na jioni, la sivyo atakufa. Alilisema neno hilo mbele ya mtoto bila kushusha sauti, na mtoto hakushtuka. "Juani inaharibika," alisema. "Ikae kwa baridi. Lakini isifike barafu. Ikigandaka, imekufa, hata kama inaonekana nzima." Mama Mudogo alinigeukia, akanitazama mimi na ufunguo wangu. "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Siku hiyo Mama Beata na Beata walipewa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea makaa, wakakifagia wenyewe.

Chupa zile tuliziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo tukaliweka kwenye rafu ya mlangoni, mahali pasipo na baridi kali. Mama Mudogo akatoa amri mtaa mzima: frigo lingefunguliwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na jioni. Sambaza wakarudi kwa mwenyewe. Nyama zikarudi. Umeme ukikatika tulilifunika frigo mablanketi mawili na lile koti la mwanamume, tukakaa kulisikiliza kama watu wanaosikiliza mgonjwa anavyopumua. Mama Furaha alinuna. "Toka lini frigo inakuwa hospitali?" alisema uani, kwa sauti ya kusikika. "Na sisi tulioanza nayo?" Mama Mudogo, aliyekuwa akipepeta maharage, hakuinua kichwa. "Sambaza yako ikikufa, imeshakufaka mara moja," alimjibu. "Mutoto hajakufa hata mara moja." Mama Furaha alitaka kuendelea kununa, ikamshinda, akacheka.

Aliyeumia kwa amri ile nilikuwa mimi. Hakuna aliyenibembeleza tena. Kwa hiyo, wiki ya tatu, Papa Kasereka alipokuja jioni moja, baada ya sindano ya Beata, na kreti ya bia kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake, alinikuta nikiwa tayari. Mama Mudogo alikuwa kanisani. "Madame Directeur," alisema, "kesho Padiri anakula kwangu. Nitamupa bia ya moto? Na katika mwaka kama huu, batu wakipata furaha kidogo, ni zambi?" Nilifungua kufuli. Ili chupa za bia zienee mlangoni, nilitoa kopo la maziwa nikalipandisha rafu ya juu kabisa, chini ya kisanduku cha barafu. Na kwa kuwa siku hizo umeme haukukaa saa tatu mfululizo, nikakisogeza kitufe kikavuka mstari wa rangi ya kucha, hadi saba, ili bia zipoe haraka umeme ukiwapo. Niliwaza kukirudisha baada ya muda. Nikaenda kuchota maji, foleni ikawa ndefu, nikarudi nimechoka, nikalala.

Umeme ule ambao haukukaa saa tatu ulikaa mpaka asubuhi, wenye nguvu kama sijawahi kuuona. Niliamka matela yangu ikiwa kavu. Nililala pale kidogo nikifurahia ukavu huo, halafu nikaelewa, nikaruka bila hata kukanyaga ile sandali, nikarushwa na mpini, nikafungua hivyohivyo. Bia tatu zilikuwa zimepasuka. Ndani ya kopo la maziwa, zile chupa mbili zilikuwa nyeupe, ngumu.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka ishirini na mitano, na vijana ninaowafundisha huniuliza kwa nini nawakalia kooni kuhusu kusema ukweli mapema, hata kwa kosa dogo. Siwaambii kwamba nilizitia chupa zile kwapani, nikakaa nazo chini, nikizipasha moto kama kuku anayeatamia. Ziliyeyuka. Ndani ya maji yake kulibaki chembe nyeupe, ndogo mno, na nilipozitikisa sikuziona tena, au nilijiambia sikuziona. Nilizikausha kwa sketi, nikazirudisha mlangoni, nikarudisha kitufe kwenye mstari. Mama Beata alipokuja na sindano yake nilimkabidhi kopo. Alisema "Aksanti, binti yangu," kama alivyosema kila asubuhi.

Jioni ile Beata aliomba maji mara nne. Kesho yake hakutoka chumbani. Alikunywa kikombe kwa kikombe, akakojoa, akanywa tena, na mchana akaanza kutapika. Katika mwaka ule, mtu akitapika hakuna aliyefikiria ugonjwa mwingine. Mama Furaha alituita kupitia ukuta wa mawe tuwafikirie watoto wengine wa mtaani. Papa Kasereka, ambaye bia zake zilizobaki zilinyweka salama, alienda mwenyewe kutafuta vijana wenye machela. Nilikaa jikoni nikimenya ndizi, nikisikia Mama Beata akimwambia Mama Mudogo nyuma ya pazia: "Pumzi yake inanuka matunda yaliyooza. Hiyo ni sukari, ninaijua. Lakini nimemudunga! Asubuhi nimemudunga, jana nimemudunga!" Na sauti ya Mama Mudogo, taratibu: "Basi ni kolera imeongezeka juu. Twende naye kwa mahema, watamupa serumu." Nilielewa kwamba wangempeleka penye wagonjwa wa kipindupindu, wangemtundikia maji, na hakuna ambaye angetafuta dawa nyingine, kwa sababu kila mmoja aliamini dawa Beata alikuwa nayo. Mimi peke yangu nilijua hana. Vijana wa machela walikuwa wameshafika mlangoni.

Niliingia na kisu cha ndizi mkononi. "Dawa iligandaka," nilisema. "Ni miye. Niliiweka juu, nikaongeza baridi kwa sababu ya bia. Nikaiyeyusha. Sikusema."

Nilingoja kofi. Mama Mudogo alinitazama, na sijawahi kuangaliwa vile tena, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka umetoka wapi. Kisha akageuka. "Mwambie yeye," alisema. "Mimi si mama yake Beata." Ikabidi nirudie maneno yaleyale, moja baada ya jingine, machoni pa Mama Beata, ambaye alisikiliza hadi mwisho na kusema neno moja tu kwa Kinyarwanda, nisilolielewa na ambalo sikuwahi kuuliza maana yake. Mama Mudogo alikuwa ameshafunga kitenge kiunoni. "Machela inaenda," aliwaambia wale vijana, "lakini si kwa mahema. Inaenda Himbi, kwa bamasœur."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu aliyepikia watu maisha yake yote anajua siri zao. Mama Mudogo aliwasaidia masista kupika siku za sikukuu, na alikuwa ameona kwamba Masœur Godeliva, yule mzee aliyesimamia zahanati, hakugusa keki, hakutia sukari kwenye chai, na kabla ya chakula alipotea dakika mbili na kurudi akishusha mkono wa gauni. Hakuwahi kumuuliza. Tulienda mbio toka Mapendo hadi Himbi, tukizunguka watu waliolala kando ya barabara, machela mbele, sisi nyuma, mimi nikiwa wa mwisho. Masœur Godeliva alitoka akiwa na aproni. Mama Mudogo hakusalimia. "Masœur, unisamehe. Naona weye pia unajidunga. Huyu mutoto yake imeharibika. Iko kwangu kosa, mu nyumba yangu."

Mzee yule alimwinamia Beata, akamnusa kinywa, akamwita kwa jina mara mbili. Halafu akaingia ndani akarudi na chupa moja, nzima, akaivunja kizibo mbele yetu. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa amebaki na tatu tu, na ndege zilizomletea dawa hazikuwa na uhakika. Alimdunga, akamtundikia maji, akamdunga tena baada ya saa moja, akipima mkojo kwa kikaratasi na kunyanyua kikaratasi dirishani kuangalia rangi. Tulikaa kwenye benchi la nje, watatu. Jua lilikuwa linaelekea ziwani Beata alipofungua macho akauliza kama kuna ugali.

Siku tatu baadaye, tulipokwenda kumchukua, Masœur Godeliva alimpa Mama Beata ile chupa iliyofunguliwa, na ya pili pia, akasema ameshaandika barua, nyingine zitakuja. "Utaziweka wapi?" aliuliza. Mama Mudogo akajibu, kwa sauti ndogo, "Mu frigo." Masœur alicheka mpaka akakohoa. Alituongoza jikoni kwake, akatuonyesha chungu kikubwa cha udongo kilichojazwa mchanga, katikati yake chungu kidogo chenye kifuniko, na kitambaa kilicholowa juu. "Miaka kumi na mbili ninaziweka humu," alisema. "Mutamwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Hapa Goma si Kisangani, hewa yetu ni baridi. Haihitaji umeme, na haigandishi." Mama Mudogo alikitazama chungu kile kwa muda mrefu. Yeye, aliyezaliwa katika nyumba ya vyungu, alikuwa amekesha wiki tatu akifunika chuma kwa mablanketi.

Kwa hiyo frigo likarudi kwa sambaza na bia, likaendelea kuvuja, na ufunguo nikaurudisha mwenyewe bila kuombwa. Kazi yangu ikawa kumwagia mchanga maji. Mama Beata hakunikataza, wala hakusema nami. Tulisugua masufuria pamoja kwenye jiwe lilelile, mkono wake karibu na wangu, na alipotaka majivu aliinuka kuyachukua mwenyewe badala ya kuniomba nimpitishie. Nililala na jambo hilo majuma mengi. Sikujaribu kumbembeleza, nilijifunza mwaka ule kwamba kuna watu unaowadai msamaha na kuna watu unaowangoja. Nilimuuliza Beata maswali. Nilimtazama mama yake anavyovuta dawa, anavyogonga sindano kwa ukucha kutoa hewa, anavyobadilisha mahali pa kudunga, leo paja, kesho tumbo. Alijua namtazama. Wakati mwingine alinyanyua sindano juu zaidi, kwenye mwanga, kuliko ilivyohitajika.

Masika yalipoingia, malaria ilimwangusha Mama Beata. Asubuhi moja nilikuwa jikoni, Beata akatokea mlangoni amebeba kisahani: sindano, pamba, chupa iliyotoka kwenye chungu ikiwa na unyevu bado. "Mama anatetemeka, hawezi," alisema. "Kuja weye."

"Yeye amekubali?"

Kabla Beata hajajibu, sauti ilitoka chumba cha nyuma, kavu, ya kimwalimu. "Kanyere. Osha mikono kwanza. Kwa sabuni."

Niliosha hadi viwikoni. Niliinua chupa dirishani, nikaiangalia, nikaiangalia tena. Maji yake yalikuwa safi. Nilivuta dawa hadi kwenye mstari, nikagonga, nikamwonyesha Beata kipimo, akatikisa kichwa kukubali. Akapandisha blauzi yake, nikabana ngozi ya tumbo kati ya vidole viwili. Yeye alikuwa anaangalia nje, kuku wa Mama Furaha amepanda juu ya ukuta wa mawe na hajui ashukie upande gani, na wakati sindano inaingia alikuwa ameshaanza kunisimulia habari ya kuku huyo, kwamba hata jana alifanya vilevile, na hakukatiza hadithi yake.